Noeli Bila Nyama Si Noeli ya Njaa



Kila mwaka, Desemba ikifika, swali moja husikika sana hapa ufukweni: "Sikukuu bila nyama ni sikukuu gani?" Mwenye kuuliza mara nyingi ni baba wa nyumba, naye haulizi ili ajibiwe. Amekwisha kuamua. Atakopa, au atauza debe la mahindi au muhogo mkavu uliobaki darini, ili tarehe 25 watoto wake wasiishie kunusa moshi wa nyama ya jirani. Nyama italiwa siku moja, pengine mlo mmoja tu. Deni litalipwa Januari na Februari, wakati ambapo mahindi mapya bado yako shambani, hayajafika hata magotini.

Sisi tunaokaa zahanati huwaona watoto wa nyumba hizo baadaye. Hawaji Desemba. Huja Februari na Machi, nywele zimekuwa nyepesi, miguu imevimba, na mama anasema mtoto amekataa kucheza. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya mapishi ya sikukuu yasiyo na nyama wala samaki. Nia yangu si kumkataza mtu nyama. Mwenye mbuzi wake na achinje kwa furaha. Nazungumza na mwingine, yule ambaye hana mbuzi na anaona haya, na pia na yule asiyekula nyama kwa imani yake au kwa hiari yake, kama walivyo baadhi ya ndugu zetu Wasabato. Wote wawili wana haki ya kula chakula cha sikukuu kilicho kamili, kitamu na salama.

Kwanza tusahihishe neno. Hapa Lundo, na katika ufuko wote huu wa wilaya ya Nyasa (iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012), mtu akisema "leo tuna mboga", mara nyingi ana maana ya samaki. Majani huyaita "majani tu". Maharage ni ya siku ziwa lilipochafuka na mitumbwi haikutoka. Kwa hiyo tangu utotoni tumefundishwa na lugha yetu wenyewe kwamba chakula cha mimea ni cha mkosaji. Mama mmoja mtu mzima aliniambia zahanatini, "Mwanangu, wewe umesoma cheti, lakini mgeni akija nikampa maharage siku ya Noeli nitamtazamaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ndiyo jibu langu, nimechelewa kidogo.

Tazama majira yenyewe. Huko Ulaya Noeli huangukia wakati wa baridi kali, bustani zimelala, na watu wa zamani walitegemea vitu vya ghala: maharage makavu, kabichi, viazi, matunda yaliyokaushwa. Kwetu ni kinyume. Mvua zimeanza. Mchicha unaota hata pasipopandwa. Kunde zimetoa majani mateke, maboga yametambaa hadi mlangoni, na miembe ya ufukweni imejaa maembe hata mengine yanaoza chini. Kinachopungua ni nafaka na fedha. Noeli yetu huja wakati kijani ni tele na ghala ni tupu. Mpishi mwenye akili huanzia hapo: atumie kile ambacho Desemba inampa bure, na fedha yake kidogo ainunulie kitu kinachojenga mwili kwa bei ndogo.

Kitu hicho ni maharage. Hatuna haja ya kwenda mbali. Kule juu Umatengo watu hulima katika mashimo ya ngoro, ufundi wao wa zamani wa kuzuia mmomonyoko milimani. Maharage hupandwa kwenye ngoro karibu na Machi na kuvunwa katikati ya mwaka, kisha Novemba au Desemba mahali hapo hapo hupandwa mahindi. Wachuuzi hupanda Mbinga na dagaa wa ziwa, hushuka na maharage. Bei hubadilika, lakini kwa kawaida fedha ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe hununua kilo 3 za maharage, au hata zaidi. Mwenye kufikiri atanunua Agosti, maharage yakiwa mengi, na kuyatunza mpaka sikukuu.

Sasa, je, maharage yaweza kushika nafasi ya nyama mwilini? Wale waliosoma elimu ya watu wazima zamani watakumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai, ambayo watu waliifuata katika vikundi vya kusikiliza redio. Walifundishwa makundi 3: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wameyagawa makundi zaidi, lakini yale matatu bado yanasaidia mtu anapotazama sahani yake. Chakula cha kujenga mwili ndicho chenye protini. Katika gramu 100 za maharage makavu mna protini kama gramu 20 hadi 22. Karanga zina kama 25. Unga wa mahindi una 8 au 9. Unga wa muhogo, ambao ndio ugali wetu wengi wa ufukweni, haufiki hata 3.

Lakini protini si kitu kimoja. Imejengwa kwa vijenzi vingi vidogo, na mwili hauwezi kujenga kama kimojawapo hakitoshi. Nyama, samaki na mayai vina vijenzi vyote kwa kadiri inayotakiwa. Mahindi na mchele vimepungukiwa na kijenzi fulani, na hicho hicho maharage yanacho kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa na kingine, ambacho nafaka inacho. Ni kama jirani mwenye matofali asiye na udongo, na jirani mwenye udongo asiye na matofali. Wakiungana, nyumba inasimama. Basi wali na maharage, au ugali wa mahindi na kunde, ni zaidi ya "kula kwa kukosa". Ni protini iliyokamilika. Anayekula ugali wa muhogo na majani peke yake, huyo ndiye aliye hatarini, maana hana udongo wala matofali. Mwenye muhogo hapana budi aongeze maharage na karanga zaidi kuliko mwenye mahindi.

Yule mama aliyeniuliza juu ya mgeni ningependa asikie habari za Ethiopia. Waorthodoksi wa nchi ile husherehekea Noeli Januari 7. Kabla ya siku hiyo wanafunga siku 43, na katika kufunga huko hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Miaka mingi ya kufunga namna hiyo imewafanya mabingwa wa kupika mimea. Wana mchuzi mzito uitwao shiro, unaotengenezwa kwa unga wa dengu au kunde zilizokaangwa, ukachanganywa na vitunguu na viungo. Wana dengu nyekundu zilizopikwa na pilipili mpaka mafuta yakaelea juu. Hivi hupangwa juu ya injera, mkate mpana wa nafaka iitwayo tefu, na mgeni hukaribishwa bila mwenyeji kuona haya hata kidogo. Siku ya Noeli yenyewe wao hufungulia kwa nyama, sikatai. Lakini siku zote 43 hawakula kama watu waliokosa. Siri yao ni kwamba hawapiki dengu kama maskini wa nyama. Wanazitia vitunguu vingi, mafuta, viungo na muda wa kutosha. Sisi maharage tunayachemsha, tunatia chumvi, kisha tunalalamika kwamba hayana ladha.

Maharage ya sikukuu

Kwa watu 6, chukua vikombe 3 vya maharage makavu. Yachague, toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Yaloweke usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, usiyatumie kupikia. Kulowesha kunapunguza kuni na muda, na kunapunguza ile gesi ya tumbo ambayo wengi huisingizia maharage yote.

Weka maji mapya, washa moto mkali, na hakikisha chungu kinachemka kwa kububujika angalau nusu saa bila kupumzika. Baada ya hapo unaweza kupunguza moto hadi yaive na kulainika kabisa. Hapa nasisitiza, na mniwie radhi kwa kusisitiza. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemka sawasawa. Maharage mabichi manne au matano tu yanatosha kumtapisha mtu. Moto mdogo usiofikisha chungu kuchemka hauiondoi. Siku ya sikukuu akina mama wanaharakishwa: ibada inakaribia, wageni wamefika, kuni ni mbichi kwa sababu ya mvua, na maharage yanaepuliwa yakiwa bado yanagonga meno. Baada ya saa 1 hadi 3 watu wanatapika na kuharisha, na lawama inamwangukia jirani kwamba ametia kitu. Hakuna mtu aliyetia kitu. Ni maharage hayakuchemka. Kama una wasiwasi na muda, yapike jioni ya tarehe 24 hadi yaive, yachemshe tena usiku kabla ya kulala, na asubuhi yachemshe upya kabla ya kuyaunga. Yakinuka uchachu, usiyaunge.

Usitie magadi ili yaive upesi. Yanalainika kweli, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini zilizomo. Afadhali kulowesha.

Yakiwa yameiva, kaanga vitunguu 3 katika mafuta ya alizeti mpaka viwe rangi ya dhahabu. Tia kitunguu saumu kilichopondwa, nyanya 5 zilizokatwa, karoti kama ipo, na bizari kidogo. Acha nyanya ziive hadi mafuta yaonekane pembeni. Ndipo umimine maharage na supu yake. Chukua kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, zikoroge kwa maji ya vuguvugu, zimimine, punguza moto, na uwe unakoroga kwa dakika 15 zisigande chini. Chumvi, yenye madini joto, tia mwishoni. Mchuzi huwa mzito, wenye mafuta na harufu nzuri, na anayeonja bila kuambiwa hudhani mna mifupa ndani.

Juu ya karanga nina neno. Zichague moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizogeuka rangi au zenye uchungu zitupe shimoni, usimpe hata kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 sumu hii, iliyokuwa ndani ya mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizowekwa sakafuni penye unyevu ni hatari hiyo hiyo. Ziweke juu ya kichanja, zikiwa zimekauka vizuri.

Pilau ya kunde

Kwa wanaotaka harufu ya sikukuu isambae mpaka barabarani, pilau haihitaji nyama. Inachohitaji ni vitunguu vilivyokaangwa kwa uvumilivu. Chemsha kwanza kunde au choroko kikombe 1 na nusu mpaka ziive lakini zisipasuke, uzichuje. Kaanga vitunguu 4 kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe rangi ya kahawia, maana rangi ya pilau hutoka humo. Tia kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, kisha bizari ya pilau: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba. Tia kunde, zikaangike kidogo zinywe viungo. Tia mchele vikombe 4 uliooshwa, geuza, kisha maji ya moto vikombe 8, au pungufu kama mchele ni wa mwaka huu. Maji yakikaribia kukauka, funika na weka makaa juu ya kifuniko. Mchele wa bondeni kwetu unafaa kabisa.

Pilau ina nafaka na jamii ya kunde katika chungu kimoja, kwa hiyo yale matofali na udongo yamekwisha kuungana jikoni. Ipakuliwe ikiwa moto. Wali uliokaa tangu saa sita mchana hadi usiku katika joto la ufukweni huweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo kupasha moto hakuiondoi tena. Pika kiasi cha kuliwa. Kinachobaki na kiliwe na watoto wa jirani mapema, hiyo nayo ni sikukuu.

Majani na vya porini

Majani ya maboga, mchicha na majani ya kunde ni madawa ya bure ya Desemba. Yana madini ya chuma yanayotengeneza damu, na vitamini A inayolinda macho na ngozi. Yaoshe kabla ya kuyakata, yapike kwa muda mfupi na maji kidogo, utie karanga au mafuta, kwani vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kisamvu ni tofauti. Hicho kitwangwe hasa, kichemshwe muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke. Muhogo mchungu wenyewe nao umenywe, ulowekwe siku 3 au 4, uanikwe ukauke ndipo usagwe. Nyumba iliyoishiwa chakula kabla ya sikukuu huvuna muhogo leo na kuusonga kesho. Huko kuna hatari ya kufa, na wasipokufa kuna ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, ambao umekwisha kuonekana katika nchi yetu. Tena huwashika zaidi wale ambao sahani yao haina protini.

Chuma kilichomo katika majani na maharage hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama. Lakini ukila pamoja na tunda lenye vitamini C, kinaingia zaidi. Na Mungu ametupangia vizuri: maembe yameiva wakati ule ule! Kila mtu apewe embe baada ya chakula, au ndimu ikamuliwe juu ya majani. Chai ya rangi, ambayo hufika mezani pamoja na pilau kwa heshima kubwa, huzuia chuma hicho. Iahirishwe saa moja au zaidi baada ya kula. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki kwa kuwa amekula majani. Anahitaji vyote.

Uyoga. Mvua za kwanza huutoa misituni, nao ni kitoweo kitamu, tena kinachofanana na nyama mdomoni kuliko mmea wowote. Hapa mimi huwa mwoga, na nitaendelea kuwa mwoga. Uyoga wenye sumu mkali sana hauumizi papo hapo. Mtu hula mchana, analala salama, na huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 au 12, hata zaidi. Kisha anapata nafuu kama siku moja, watu wanashukuru, kumbe ini linakufa. Wako wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba ukitia kitunguu kisibadilike rangi ni salama. Hayo si kweli. Kuchemsha na kukausha navyo haviondoi sumu hiyo. Kula ule tu ambao bibi au mama anaujua kwa jina, ameuchuma kwa mkono wake na ameula miaka yote. Watoto wasitumwe kuchuma uyoga. Mtu akitapika baada ya kula uyoga, aletwe upesi hata kama anasema amepona, na mabaki ya uyoga yaletwe pia.

(Wapo watakaoniuliza kuhusu kumbikumbi, maana nao huja na mvua. Kumbikumbi ni mdudu, kwa hiyo kwa wasiokula kiumbe chochote hawafai. Kwa wengine wote ni protini nzuri sana, na bei yake ni taa moja na beseni la maji.)

Kinywaji cha sikukuu ni togwa. Uji wa mahindi uliopoa kiasi, ukatiwa kimea cha ulezi, hulainika, hupata utamu, na ukikaa usiku mmoja hupata ukali kidogo. Kimea hufungua madini yaliyofungwa ndani ya nafaka, na ule uchachu huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Ni kinywaji bora kwa mtoto kuliko soda, mradi vyombo ni safi na maji yamechemshwa. Ikikaa siku nyingi inakuwa pombe, hiyo si ya mtoto.

Mtoto mdogo na yule asiyekula kabisa

Mpaka hapa nimesifu mimea. Sasa niseme ukweli mwingine, hata kama kwa sehemu hii sitaelewana na wale wasiokula kiumbe chochote wala maziwa na mayai.

Kuna vitamini moja, B12, ambayo haimo katika mimea. Mwili wa mtu mzima unaweza kuwa na akiba yake ya miaka kadhaa, hivyo mtu huona ameacha nyama, samaki, maziwa na mayai na hakuna kilichomdhuru. Ikiisha, damu inapungua, miguu inakufa ganzi, kumbukumbu zinapotea, na mishipa ya fahamu ikiharibika sana huenda isirudi. Wasabato wengi hula mayai na kunywa maziwa, hao hawana shida kubwa. Anayeacha vyote kwa maisha yake yote hapana budi apate B12 kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa, na aongee na mganga. Mlo mmoja wa sikukuu usio na nyama haumdhuru mtu yeyote, wala mwezi mzima. Lakini mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye hagusi kitu cha mnyama kamwe, mtoto wake anaweza kuzaliwa bila akiba.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Akijazwa uji mwepesi wa muhogo anashiba na anadumaa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kama watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na mkoa wetu wa Ruvuma, ambao hulisha mikoa mingine mahindi, uko juu ya wastani huo. Mahindi kwa wingi hayajawasaidia. Sikukuu au si sikukuu, mtoto huyo aendelee kunyonya, apewe maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, karanga zilizotwangwa laini kabisa (karanga nzima humpalia), mafuta kijiko kimoja katika uji, embe lililopondwa. Na kama nyumba haikatazwi na imani, atiwe pia unga wa usipa mkavu uliosagwa, kijiko kimoja kwa siku, au yai. Ndugu baba, kama fedha zako zinatosha nyama ya watu wawili tu, basi mwenye haki nayo ni mjamzito na mtoto huyu. Nimeshuhudia meza ambako vipande vilianza kwa wanaume na kuisha kwa wanaume. Mama akabaki na mchuzi, mtoto akabaki na ugali uliochovywa.

Mbegu

Nimalizie na jambo ambalo si la mapishi lakini hutokea jikoni mwezi huo huo. Desemba ni mwezi wa kupanda mahindi, na katika nyumba nyingi mbegu ya dukani inakaa chumba kimoja na chakula. Mbegu hizo zimetiwa dawa, ndiyo maana zina rangi nyekundu, kijani au buluu. Kuosha hakuondoi dawa hiyo, kukoboa hakuondoi, kuchemsha hakuondoi. Nyumba iliyouza chakula chake ili inunue nyama ndiyo ambayo, wiki mbili baadaye, huanza kuitazama mbegu iliyobaki. Isipikwe, isichanganywe na mahindi ya kusaga, isipewe kuku. Mfuko wake usitumike tena kuweka unga. Maharage yaliyohifadhiwa kwa dawa ya unga ya kuzuia wadudu nayo yana siku zake za kungoja kabla ya kuliwa, zimeandikwa kwenye pakiti. Muulize aliyekuuzia, na uyaoshe kwa maji mengi kabla ya kulowesha. Mtu akila mbegu yenye dawa, usimtapishe wala usimpe maziwa au mafuta. Mlete zahanati mara moja, na uje na ule mfuko.